Dhahabu ya Kilwa na Maji Baridi: Dhana Potofu Kuhusu Lisbon

Ukifika Lisbon ukauliza ufukwe uko wapi, utaonyeshwa stesheni ya treni. Wengi hushangaa, maana picha zinazozunguka kwenye simu zetu humfanya mtu aamini kwamba mji mkuu wa Ureno umejengwa juu ya mchanga, na kwamba ukitoka hotelini na taulo begani, hatua mbili tu umo baharini. Tangu niliporudi nimeulizwa maswali mengi, na mengi yamesimama juu ya mambo yasiyo kweli. Mengine yanaupamba mji kupita kiasi, mengine yanawatisha watu wasiende kabisa. Nimekusanya hapa niliyoyasikia mara kwa mara, pamoja na ukweli wake, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu wa pwani yetu ana sababu ya kwenda Lisbon kuliko miji mingi ya bahari huko Ulaya. Sababu hiyo haimo kwenye zile picha.

"Lisbon iko ufukweni mwa bahari"

Lisbon iko mtoni. Mto wenyewe ni Tejo, mrefu kuliko mito yote ya rasi ya Iberia. Husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Hispania, na ukikaribia mji hutanuka mpaka ukadhani ni ziwa. Wenyeji hupaita hapo Mar da Palha, yaani Bahari ya Mabua. Kisha mto hujibana tena, hupita chini ya daraja jekundu, na kilomita chache mbele hukutana na Atlantiki. Mbele ya uwanja mkuu wa mji, Praça do Comércio, maji hupwa na kujaa. Kuna ngazi za mawe, Cais das Colunas, zinazoshuka hadi majini kati ya nguzo mbili, na maji yakijaa ngazi za chini hazionekani. Mtu aliyekulia pwani ataielewa sehemu ile papo hapo: ni bandari, watu waliteremka pale kutoka vyomboni kwa mamia ya miaka.

Fukwe zipo, ila ni za kuendea. Treni inayoondoka Cais do Sodré hukufikisha Cascais kwa dakika 40 hivi, ikipitia Carcavelos na Estoril, na sehemu kubwa ya reli inapita kando kabisa ya maji. Ng'ambo ya mto kuna Costa da Caparica, mchanga ulionyooka kwa kilomita nyingi. Lakini kabla ya yote hayo, ningekushauri upande kivuko cha kwenda Cacilhas jioni. Aliyezoea pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni atajiona yuko nyumbani: wafanyakazi wanarudi makwao na mifuko yao, hakuna anayepiga picha, na baada ya dakika kumi hivi unageuka nyuma na kuuona mji mzima umepanda vilimani, kuta nyeupe na mapaa ya vigae vyekundu. Kuna watu hulipa pesa nyingi kwa boti za watalii ili waone hicho hicho.

"Jua likiwaka, maji ni ya vuguvugu"

Swali la kwanza la shangazi yangu, nilipokwenda kumwamkia Kilwa Masoko, lilikuwa hili: "Mwanangu, umeoga bahari ya Wazungu?" Nilimwambia nimeoga, lakini si kwa muda mrefu.

Hapa ndipo watu wetu hudanganyika zaidi. Mwezi wa Agosti mji una joto la kweli, watu wanakaa vivulini, mchanga unachoma nyayo, kisha unaingiza mguu majini na pumzi inakatika. Maji ya pwani ile wakati wa kiangazi huwa kati ya nyuzi 17 na 20. Sisi tumezoea bahari ya nyuzi 25 kwenda juu mwaka mzima, kwa hiyo tofauti si ndogo. Sababu ni upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini, ambao Wareno huuita nortada, huvuma sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu mbali na pwani. Nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka chini, ambako jua halijawahi kufika. Kwa hiyo siku yenye jua kali na upepo mkali inaweza kuwa na maji baridi kuliko siku tulivu yenye mawingu. Maji yale yale yanayopanda huleta lishe, na lishe ndiyo inayoleta dagaa wakubwa wanaoitwa sardinha, wale wanaochomwa barabarani kila kona mwezi wa Juni. Baridi inayokukera wewe ndiyo inayowalisha wao.

Kama shabaha yako ni kuoga, nenda Septemba. Bahari huwa imepata joto kwa miezi kadhaa, na umati wa Agosti umepungua. Uheshimu pia bendera za ufukweni: nyekundu maana yake usiingie kabisa, njano unaweza kulowesha miguu lakini usiogelee. Atlantiki haina mwamba wa matumbawe wa kuivunja nguvu kabla haijakufikia. Kaskazini kidogo mwa Lisbon, mahali paitwapo Nazaré, mwaka 2020 mtu aliteleza kwa ubao juu ya wimbi lililopimwa kuwa na urefu wa mita 26.21, zaidi ya jengo la ghorofa nane. Bahari ni ile ile.

"Ukijua Kihispania kidogo, umemaliza"

Hapana. Watakuelewa, lakini hawapendi, na wana haki. Jifunze kusema obrigado ikiwa wewe ni mwanamume, obrigada ikiwa ni mwanamke, na ukikwama tumia Kiingereza, ambacho vijana wengi wa mjini wanakijua. Hata saa zao si za Hispania: Lisbon iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, wakati Madrid iko nyuma yetu kwa mbili na moja.

Lakini kuna jambo tamu kuhusu Kireno ambalo halimo kwenye vitabu vya watalii. Mswahili anakijua Kireno bila kujijua. Utaingia mgahawani useme meza, wao waseme mesa. Bendera ni bandeira, leso ni lenço, karata ni carta, parafujo ni parafuso, mvinyo ni vinho, foronya ni fronha. Kila mtaa utakuta jengo lililoandikwa Igreja, yaani kanisa, na wataalamu wengi wa lugha wanasema ndilo neno lililogeuka kwetu likawa gereza. Fikiria mambo waliyoyaona wazee wetu hadi nyumba ya ibada ya wageni ikabaki kwenye ulimi wetu kwa jina la kifungo.

Maneno hayakwenda upande mmoja tu. Mchuzi mkali wa kuku ambao Wareno wanajivunia duniani kote unaitwa piri-piri, jina lililotoka katika lugha za Kibantu, ndugu na pilipili yetu. Sambusa yao ni chamuça, iliyofika kwao kupitia Goa na Msumbiji. Na Kireno cha Msumbiji kinaita shamba machamba. Kisha kuna yale tuliyorithi sote kutoka kwa Waarabu, maana Waislamu waliitawala Lisbon kwa zaidi ya miaka 400 hadi ilipotekwa mwaka 1147. Sukari kwao ni açúcar, zeituni ni azeitona, na mzee wa Kireno akitamani jambo lifanikiwe husema oxalá, ambayo asili yake ni dua ya Kiarabu iliyo ndugu na ile tunayoitaja sisi tukisema inshallah. Hata mtaa wa Alfama, wenye vichochoro vinavyofanana na vya Mji Mkongwe, jina lake ni la Kiarabu: al-hamma, chemchemi ya maji moto.

"Mji wote ni wa kale, haujaguswa"

Ukisimama katikati ya mji, mtaa wa Baixa, utaona barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Mji wa kale haujengwi hivyo. Baixa iko hivyo kwa sababu ya asubuhi moja.

Tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalikuwa yamejaa watu, mishumaa imewashwa kila altare. Karibu saa tatu na nusu asubuhi ardhi ikatetemeka kwa dakika kadhaa, na mapaa ya mawe yakawaangukia waumini. Walionusurika walikimbilia mahali penye uwazi, kando ya mto, wakidhani pana usalama. Pale wakaona maji yamekupwa ghafla, chini ya mto pakabaki wazi. Muda si mrefu maji yakarudi kwa mawimbi makubwa yakawazoa. Mishumaa iliyoanguka ikawasha moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya watu 30,000 na 60,000. Jumba la mfalme liliangamia pamoja na maktaba yake, na jumba la opera lililokuwa limefunguliwa miezi michache tu kabla. Iliteketea pia hazina ya nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia safari zote za kuja upande wetu wa dunia. Ndani yake zilikuwamo taarifa za pwani yetu ambazo hakuna atakayezisoma tena, na hili huniuma kila ninapolikumbuka.

Mfalme José aliogopa kulala chini ya paa la mawe maisha yake yote yaliyobaki, akahamia kwenye makazi ya mahema na mbao kilimani Ajuda. Waziri wake, ambaye historia inamjua kama Marquês de Pombal, ndiye aliyeusimamisha mji upya. Nyumba za Baixa zilijengwa zikiwa na kiunzi cha mbao ndani ya kuta, mbao zilizopishana kama herufi X, ili jengo liweze kuyumba bila kuvunjika. Wareno hukiita kiunzi hicho gaiola, yaani tundu la ndege. Pombal alituma pia hojaji kwa kila parokia: tetemeko lilidumu muda gani, maji yalipanda kiasi gani, nyumba ngapi zilianguka. Wanasayansi wa matetemeko wanazitumia karatasi hizo mpaka leo.

Kwa hiyo Lisbon ni miji miwili. Alfama, iliyokaa juu ya mwamba, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na Baixa ni mji uliofufuliwa. Upande wa pili wa Baixa, juu kidogo, limeachwa kanisa la Carmo bila paa, matao yake yakishika anga tupu. Lingeweza kuezekwa miaka mingi iliyopita. Nilikaa pale karibu saa nzima.

"Ureno ni rahisi, utakula bure"

Ilikuwa rahisi. Sasa kodi za nyumba zimepanda mno, wenyeji wanalalamika, na mgeni anatozwa euro 4 kwa usiku anaolala mjini, hadi usiku saba, nje ya bei ya chumba. Kahawa ndogo ya kusimama kaunta, ambayo watu wa Lisbon huiita bica, bado ni ya bei nzuri, na chakula cha mchana kwenye mikahawa midogo ya wafanyakazi kinashibisha bila kukuumiza.

Jihadhari na jambo moja. Ukikaa mezani, mhudumu ataleta mkate, zeituni, pengine jibini, kabla hujaagiza chochote. Wageni hudhani ni ukarimu. Huitwa couvert, na ukila utalipia. Usipotaka, mwambie kwa adabu aondoe, na hakuna atakayekasirika.

Kwa Mwislamu kuna angalizo jingine. Wareno hupika nguruwe na kila kitu, hata na kome na chaza: kile chakula kiitwacho carne de porco à alentejana ni nyama ya nguruwe iliyochanganywa na chaza wadogo. Kwa hiyo usione picha ya vitu vya bahari ukaagiza bila kuuliza. Chakula halali kipo kwa wingi mtaa wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso. Na usiondoke bila kula bacalhau. Wengi hudhani ni samaki wa Ureno, kumbe ni chewa wa bahari za baridi za Norway na Iceland, aliyekaushwa kwa chumvi. Kwa lugha yetu, ni ng'onda. Harufu yake dukani itakurudisha sokoni kwenu.

Halafu ile tramu ya njano namba 28. Kila mtu anasema usipoipanda hujafika. Ukweli ni kwamba saa za mchana imebanana mpaka huoni nje, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Ipande alfajiri, kabla ya saa mbili, utakaa dirishani na kusikia magurudumu yakilia kwenye kona. Baada ya hapo tembea, ukiwa na viatu vyenye soli ya kushika, maana vijiwe vyeupe vya njiani huteleza mvua ikinyesha, na vilima havihesabiki kwa miguu iliyochoka.

"Chukua viza ya nchi yoyote, ukishaingia Ulaya ni kwako"

Dhana hii inawagharimu watu fedha na heshima, na kuna madalali wanaoishi kwa kuieneza. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwamo, huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku ni sawa, basi nchi utakayoingia kwanza. Ukiomba kwa ubalozi mwingine kwa sababu umesikia "wao ni wepesi", kisha tiketi na hoteli zako zote zinaonyesha Lisbon, umejiharibia mwenyewe. Si kila mji wetu una ubalozi wa Ureno unaopokea maombi, na mahali pengine nchi nyingine hupokea kwa niaba yake, kwa hiyo anza kwenye tovuti rasmi, usianze kwa dalali.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini kupata miadi yenyewe huchukua muda, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Muda wa kukaa haupiti siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo inajumlisha nchi zote za Schengen kwa pamoja. Viza pia si ruhusa ya mwisho: ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuuliza unakaa wapi na una fedha gani. Weka karatasi zako kwenye begi la mkononi, usiziache kwenye sanduku lililopakiwa.

"Ule ni mji wa Wazungu, sisi tutakuwa vioja"

Waafrika wameishi Lisbon kwa zaidi ya miaka 500, na hawakwenda kwa hiari. Hesabu ya mwaka 1551 inaonyesha kwamba kati ya wakazi 100,000 hivi, karibu 10,000 walikuwa watumwa, wengi wao Waafrika. Kulikuwa na mtaa ulioitwa Mocambo, jina la Kibantu, ambao leo ni Madragoa. Na kuna barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, Barabara ya Shimo la Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, iliyokuwa ikiachwa ovyo. Leo kuna mikahawa mizuri pale. Ukipita, simama kidogo.

Lisbon ya sasa ina watu wa Cape Verde, Angola, Guinea-Bissau, Msumbiji na Brazil, na katika uwanja wa São Domingos, karibu na Rossio, utawakuta Waafrika wamekaa wakizungumza tangu asubuhi, kama baraza. Hakuna atakayekukodolea macho. Ubaguzi upo, siwezi kusema haupo, lakini mgeni mweusi si kitu kipya katika mji ule. Msikiti Mkuu ulifunguliwa mwaka 1985. Waismailia, ambao wengi wao walihamia huko kutoka Msumbiji, wana kituo kikubwa, na uongozi wao wa dunia una makao Lisbon. Aga Khan wa Nne, aliyekuwa kiongozi wao, ambaye hospitali na shule zenye jina lake tunazijua kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, alifariki mjini humo Februari 2025.

"Daraja jekundu wamenakili la San Francisco"

Linafanana na Golden Gate kwa rangi na umbo, lakini kampuni ya Kimarekani iliyolijenga ndiyo iliyojenga daraja jingine la San Francisco, lile la kwenda Oakland. Hilo ni dogo. Kubwa ni jina lake. Lilipofunguliwa mwaka 1966 liliitwa daraja la Salazar, dikteta wa wakati huo. Sasa linaitwa Ponte 25 de Abril.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno waliiangusha serikali yao, kwa sababu walikuwa wamechoka kupigana vita visivyo na mwisho Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Mfanyakazi mmoja wa mgahawa, Celeste Caeiro, aliwagawia askari maua mekundu yaitwayo cravo kwa Kireno, wakayachomeka kwenye mitutu ya bunduki. Watalii husimuliwa habari ya maua. Ni mara chache husimuliwa kuhusu FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam Juni 1962, kuhusu kiongozi wake Eduardo Mondlane aliyeuawa kwa bomu mji huo huo Februari 1969, au kuhusu kambi za Kongwa na Nachingwea walikofunzwa wapiganaji. Mimi ni mtu wa mkoa wa Lindi, Nachingwea ni kwetu. Nilivuka daraja lile nikijua kwamba jina lake lilianza kuandikwa kwetu pia.

"Wareno walikuja kwetu, wakaondoka, basi"

Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto, ndiko Vasco da Gama alikong'oa nanga Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vizuri, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Huku nyumbani tumezoea kufundishwa kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa Kiarabu. Watafiti wengi wa leo hawalikubali hilo, wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Kaburi la da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, na wageni hupanga foleni ndefu kuliona. Sehemu kubwa ya gharama za monasteri hiyo ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba za meli, na ni mazuri mno, siwezi kukataa.

Lakini mimi sikwenda Lisbon kwa ajili ya kaburi. Mwaka 1502 da Gama alirudi pwani yetu na kundi kubwa la meli, akatia nanga Kilwa, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, hadi akakubali kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka, mithkali ikiwa kipimo cha zamani cha uzito. Dhahabu ile ilikuwa imefika Kilwa kwa njia ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, kutoka bara upande wa kusini, kama ilivyokuwa ikifika kwa vizazi vingi. Miaka mitatu baadaye, 1505, meli nyingine zikaja chini ya Francisco de Almeida, na safari hiyo hawakutaka kodi, waliuteka mji.

Ile kodi ya kwanza ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel, yule yule wa lile shimo, aliamuru ifuliwe kuwa chombo cha kuwekea Sakramenti, ambacho Wakatoliki hukiita monstransi. Kinajulikana kama Custódia de Belém, na fundi wake anatajwa kuwa Gil Vicente. Kimo katika Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes. Jumba hilo hufungwa Jumatatu, na kumbi hufungwa nyakati za matengenezo, kwa hiyo hakikisha kabla hujatoka hotelini. Watalii wengi hawafiki. Nilipoingia chumbani mle nilikuwa na mlinzi tu.

Chombo hakifiki urefu wa mita moja. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, wadogo kama vidole, nguo zao zimepakwa rangi za enameli, na juu yao dhahabu imesimama kama mnara wa kanisa. Kwenye tako lake kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Nilizunguka kabati la kioo mara tatu nikilitafuta lile neno moja, mpaka nikaliona, kwa tahajia ya Kireno cha zamani.

Niliporudi Kilwa Masoko nilimwonyesha shangazi picha. Aliivuta simu karibu na macho, akaitazama kwa muda bila kusema kitu. Ng'ambo ya maji, kisiwani, magofu yalikuwa yameanza kupata kivuli cha jioni.

"Wameandika Kilwa?" akauliza.

Nikamwambia wameandika.